Fila za midomo hapa Malindi: kabla hujalala kwenye kile kitanda, uliza dawa ya kuyeyusha iko wapi

Muuguzi wa Barani

Assalaam aleikum wanajamvi. Uzi huu ni mrefu, mniwie radhi, lakini nawaomba muusome mpaka chini, hasa nyinyi mlio na harusi za mfunguo mosi. Nimeona matangazo ya fila, ile jeli inayodungwa kunenepesha midomo au mashavu, yamezidi kwenye makundi yetu ya akina mama, na kila tangazo lina bei, lina picha ya kabla na baada, lakini sijaona hata moja linalosema likitokea la kutokea mtafanya nini.

Mimi ni muuguzi. Kazi yangu si ya urembo. Ninayoandika niliyaona kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, na mengine nimewauliza madaktari wa ngozi na kuyasoma tangu siku ile. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike, ila jina lake na la aliyemdunga sitalitaja, kwa hiyo msiniulize faraghani.

Nikaha yake ilikuwa Ijumaa, kupamba Jumapili. Jumatano saa nane mchana bi harusi akaenda kudungwa midomo, mililita moja. Chumba cha juu ya duka, kitanda, feni na taa. Alipodungwa mdomo wa juu upande wa kulia alisikia uchungu mkali ukapanda hadi puani. Akasema. Akaambiwa ni ganzi haijashika vizuri, itapita.

Akarudi nyumbani, na somo wake alikuwa ameshasaga liwa na kuitia marashi. Akapakwa uso mzima, kama bi harusi yeyote. Hapa ndipo tulipopoteza wakati bila kujua, kwa sababu liwa ikikauka uso wote huwa rangi moja.

Mimi nilitoka zamu nikafika kwao karibu na magharibi. Nikamkuta ameegemea ukuta, hasemi, na machozi yamechora michirizi miwili kwenye liwa. Wenzake wakaniambia ana wasiwasi wa harusi. Nikamuuliza yeye. Akanionyesha kwa kidole, hakutaka kufungua mdomo.

Nikasema liwa ioshwe sasa hivi. Ilipotoka tukaona: kutoka mdomo wa juu kulia mpaka ubavu wa pua ngozi imepauka, na kando ya ule weupe kuna mistari ya zambarau iliyoshikana kama nyuzi za kimia. Nikabonyeza kwa kidole upande wa kushoto, nikaachilia: rangi ikarudi kabla sijamaliza kuhesabu mbili. Nikabonyeza kulia. Nilifika saba. Nikaupindua mdomo nitazame ndani. Kushoto wekundu wake wa kawaida, kulia umefifia kama nyama ya ngisi.

Hiyo si aleji wala si uvimbe wa sindano. Huo ni mshipa wa damu ulioziba.

Mdomo wa juu unalishwa na ateri ndogo inayotoka kwenye ateri ya uso, na vijitawi vyake hupanda hadi puani. Ncha ya sindano ikiingia ndani ya ateri hiyo, fila inakwenda na damu kisha inakwama mbele panapokuwa pembamba. Au haiingii, ila inajaa kando ya mshipa na kuubana. Vyovyote vile, nyama iliyo mbele inakosa damu. Ikiachwa, baada ya siku chache huota vipele vya usaha, kisha ngozi huwa nyeusi, hukatika, na kovu lake halifichwi na poda.

Tukampigia aliyemdunga. Akasema, "Wekeni barafu, kesho itashuka." Nikamuuliza kama ana hayaluronidezi. Akaniuliza ni nini.

Nitaeleza sasa kwa wasioijua, maana uzi wote umesimama hapo. Fila nyingi za midomo zimetengenezwa kwa asidi ya hayaluroni. Hayaluronidezi ni kimeng'enya kinachoikatakata asidi hiyo mpaka jeli inakuwa maji na mwili unaiondoa. Ndiyo dawa yenyewe. Mshipa ukiziba kwa fila ya aina hii, tiba ya kwanza ni kuidunga dawa hiyo kwa wingi pale pale na kote ambako rangi imepotea, mapema iwezekanavyo. Barafu ni kinyume cha kinachotakiwa, kwa sababu baridi huibana mishipa ambayo tayari imekosa damu. Kinachofaa ukiwa njiani ni kitambaa cha uvuguvugu na kukanda kwa nguvu eneo lile ili fila isogee.

Tulipiga simu sita. Ya sita ilikuwa ya daktari Mombasa aliyejibu maneno mawili: "Ninayo, njooni." Ami akatoa gari. Nilimpa aspirini ya miligramu 300 kwa sababu najua hana aleji nayo wala vidonda vya tumbo (msimpe mtu bila kumuuliza hayo mawili). Kilomita 120 zile sijawahi kuziona ndefu vile. Kuanzia Gede mpaka daraja la Kilifi nilikuwa nyuma na chupa ya chai ya maji moto na kitambaa, nachovya, nakamua, naweka, nakanda, na mtoto wa watu analia kwa uchungu wa kukandwa.

Tulifika saa nne usiku, yaani muda wa saa 8 tangu adungwe. Daktari hakutoa hotuba. Alimdunga vipimo 1,000 vya hayaluronidezi, mdomoni na kando ya pua, akakanda, akaweka saa ya simu ilie baada ya dakika 60. Ikilia, anabonyeza, anahesabu, bado, anadunga tena. Baadaye nikajua kwamba ule ndio mpango uliochapishwa na daktari wa Kanada, Claudio DeLorenzi, mwaka 2017: dozi kubwa kulingana na ukubwa wa eneo, kama vipimo 500 kwa eneo dogo, 1,000 kwa maeneo mawili, 1,500 kwa matatu, na kurudia kila saa mpaka damu irudi. Kipimo cha kusimama ni rangi na ile hesabu ya kidole. Baada ya awamu ya tatu, yapata saa saba na robo usiku, nikabonyeza mimi mwenyewe nikaachilia. Mbili.

Nikaha ilifungwa Ijumaa msikitini kama ilivyopangwa, maana bi harusi hahitajiki kuwapo. Kupamba tuliahirisha wiki tano. Chini ya pua palitoka vipele, pakabanduka, na leo pana doa jeusi dogo kama punje ya mtama. Fila yote ilikwisha, na midomo ni ile ile aliyozaliwa nayo.

---

Bint Shela

Pole sana dada, na hongera kwa kusimama. Nina swali kwa sababu mimi nimeshalipa nusu, nadungwa Jumamosi ijayo. Nitajuaje uvimbe wa kawaida na huo wa hatari? Kila anayedungwa hutoka amevimba.

---

Muuguzi wa Barani

Swali zuri, mwanangu. Uvimbe wenyewe usikutishe. Midomo kuvimba siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida, na hata vidoa vya damu iliyovilia, vya kijani au bluu, vinaweza kukaa wiki moja hadi mbili. Vinauma ukivigusa na kila siku vinapungua.

Wewe tazama rangi na uchungu. Weupe unaobaki baada ya sindano kutoka. Zambarau ya mtindo wa wavu. Ngozi kuwa baridi kuliko upande wa pili. Uchungu unaozidi badala ya kupungua, au uchungu mbali na alipodungwa, kama ule wa mdogo wangu uliopanda puani. Lakini kuna kesi zisizouma kabisa, kwa sababu fila nyingi zina dawa ya ganzi ndani yake, kwa hiyo kutoumwa kusikupe usingizi.

Na kuna jambo ambalo picha za mafunzo hazituonyeshi, maana nyingi ni za wazungu. Kwenye ngozi zetu nyeusi na za maji ya kunde, weupe ule hauonekani waziwazi. Huwa ni kijivu kidogo, au vumbi-vumbi tu. Pindua mdomo utazame ndani, tazama ufizi. Bonyeza, achilia, hesabu, halafu linganisha na upande wa pili. Fanya hivyo kwenye mwanga wa dirisha, uso ukiwa umeoshwa. Siku ya sindano na ya pili yake usipakwe singo, liwa wala poda. Mwambieni somo asubiri.

---

Duka la Urembo

Dada yangu, kwa heshima, mbona unatutia hofu? Nimehudumia wateja wengi bila shida. Asidi ya hayaluroni imo mwilini mwetu tangu kuzaliwa, si sumu. Na wengine wetu hatutumii hata sindano, tuna ile kalamu inayosukuma fila kwa hewa.

---

Muuguzi wa Barani

Karibu, dada, na nashukuru umeandika wazi. Ni kweli imo mwilini. Iligunduliwa mwaka 1934 New York na Karl Meyer na John Palmer, nao waliitoa kwenye ute wa jicho la ng'ombe. Ile ya mwilini hudumu siku chache tu ikavunjwa. Ya fila imefungwa kwa kemikali ili ikae miezi sita, mwaka, au zaidi. Sijasema ni sumu. Maji ya bahari nayo si sumu kwa ngalawa, ila yakiingia pasipo pake yanaizamisha.

Kalamu ya hewa ndiyo inayonitisha zaidi, kwa sababu anayeishika hachagui fila ifike kina gani. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo Oktoba 2021 watu wasiitumie kwa fila, kwa sababu ya majeraha ya midomo, ya ngozi na ya macho.

Na macho ndiyo nilitaka kufikia. Mishipa ya katikati ya nyusi, ya pua na ya paji la uso imeungana na mshipa unaolisha jicho. Ukisukuma kwa nguvu ndani ya ateri, fila inaweza kurudi nyuma kinyume cha mwendo wa damu, ifike kwenye jicho, kisha ukiachia nguvu inakwenda mbele hadi retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mtu anakwambia pale pale kwenye kiti: sioni. Ngozi hukupa saa kadhaa. Retina haikupi. Wataalamu wamezoea kutaja dakika 60 hadi 90 kabla haijafa, na huenda ni chini ya hapo. Kutoka Malindi mpaka Mombasa tu zimeshakwisha. Katika wote walioripotiwa kupofuka hivyo duniani, wengi hawakurudi kuona kama awali. Wengine hupata na kiharusi.

Kwa hiyo dada, naomba usidunge pua wala katikati ya nyusi. Kudunga uso ni kazi ya mtu aliyesoma mishipa ilivyopita na mwenye leseni. Kama una daktari unayeshirikiana naye, awe yeye ndiye anayeshika sindano, na hayaluronidezi iwe chumbani, haijaisha muda, ya kutosha awamu tatu au nne, si chupa moja. Na lebo za fila nyingi zinasema isihifadhiwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 25. Malindi yetu hii ya Februari, kwenye rafu karibu na dirisha, unajua mwenyewe.

---

Duka la Urembo

Ya jicho sikuwahi kuelezwa. Mafunzo yetu yalikuwa ya siku mbili. Nimesikia.

---

Mfuga Nyuki, Gede

Mimi nimeingia tu kwa kuwa uzi uko juu. Mke wangu ana aleji kali ya nyuki, mara moja alivimba koo tukamkimbiza hospitali. Je, yeye hizo fila zinamhusu?

---

Muuguzi wa Barani

Zinamhusu sana, kaka, na wachache huuliza. Sumu ya nyuki na ya nyigu ina hayaluronidezi ndani yake, ni jamaa ya dawa hii tunayoizungumzia. Mwenye aleji kali ya kuumwa na nyuki anaweza kupata mshtuko wa aleji akidungwa dawa ya kuyeyusha. Kwa jambo lisilo la haraka, kama uvimbe tu usiopendeza, daktari humpima kwanza kwa tone dogo kwenye mkono. Kwa dharura ya mshipa hakuna nafasi hiyo, kwa hiyo anayemtibu lazima awe na adrenalini mkononi. Mimi kwa mke wako ningesema asidungwe kabisa.

---

Msomaji wa Mtwapa

Yangu ni tofauti. Nilidungwa mashavu mwaka jana, sikuwa na shida. Mwezi uliopita nilishikwa na homa na kikohozi, baada ya wiki shavu la kushoto likatoa kinundu kigumu, chekundu, chenye moto. Rafiki yangu amenipa vidonge vya steroidi. Nimeze?

---

Muuguzi wa Barani

Usimeze, dada. Subiri nikueleze kwa nini.

Kinundu kinachokuja miezi baadaye, mara nyingi baada ya homa, jino bovu au hata chanjo, kinaweza kuwa kinga ya mwili imeamka ikaishambulia fila. Kinaweza pia kuwa bakteria walioingia siku ya sindano wakajifunika utando na kulala humo. Kwa macho vinafanana. Ukimeza steroidi, ambayo hushusha kinga, na kumbe ni bakteria, umewafungulia mlango. Kwa kawaida daktari huanza na antibiotiki, wakati mwingine aina mbili pamoja kwa wiki kadhaa, na baada ya hapo ndipo huiyeyusha fila. Steroidi huja nyuma, ikihitajika, tena kwa mkono wake. Usikiminye, usikitoboe, usikikande. Nenda kwa daktari wa ngozi wiki hii, na kikianza kutoa usaha au ukipata homa, nenda leo.

Nenda na jina la fila uliyodungwa, na hili ni la wote. Kila kisanduku huja na vibandiko vyenye jina na nambari ya bechi, kimoja ni cha mteja. Kama hukupewa, rudi ukidai. Kuna fila za kalsiamu na za asidi ya polilaktiki ambazo hayaluronidezi haiziyeyushi hata ukidunga ndoo. Na kuna silikoni ya maji, ambayo wengine wanaiuza kwa jina la fila. Hiyo haina dawa. Inabaki maisha yote, inatembea mwilini, na kuiondoa ni kwa kisu.

---

Mwenyeji wa Amu

Huku kwetu wameanza kuja wataalamu wa siku mbili, wanashukia uwanja wa ndege wa Manda, wanafanyia kazi kwenye nyumba ya wageni, kisha wanarudi zao. Binti yangu anataka.

---

Muuguzi wa Barani

Mzee wangu, shikamoo. Matatizo mengine huonekana saa chache baada ya sindano, mengine siku ya pili, na mtaalamu ameshapanda ndege. Kutoka Amu usiku unahitaji mashua mpaka Mokowe kwanza, ndipo uanze barabara. Kama ni lazima, binti asafiri yeye kumfuata daktari, alale mji huo huo angalau siku mbili, na asiondoke bila simu inayopokelewa usiku. Leseni ya daktari hutolewa na KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, na jina unaweza kulitafuta kwenye tovuti yao, hata ukiwa Amu kwa simu ya mkononi. Kama jina halimo, mjadala umekwisha.

Jambo jingine, kwa wale ambao yamewafika na hawajui pa kuanzia: madaktari wa macho hutumia hayaluronidezi kwenye sindano ya ganzi ya upasuaji wa jicho. Ukikosa kwingine, piga simu kitengo cha macho uulize. Sisi hatukulijua hilo usiku ule.

---

Bint Shela

Dada, nimewapigia simu asubuhi. Nikauliza mnayo hayaluronidezi. Aliyepokea akaniambia nisubiri, akaenda, akarudi akasema daktari huja nayo mteja akiomba mapema. Nikauliza daktari anaitwa nani ili nimtafute KMPDC. Akasema atanipigia. Sasa ni saa kumi na moja jioni, hajapiga. Nusu niliyolipa wanasema hairudi.

---

Muuguzi wa Barani

Iache hiyo nusu, mwanangu. Jumamosi njoo kwetu Barani, mama mdogo ana liwa nzuri.